Kipsongok na Neno la Mjomba

Jumatatu, 7 Agosti

Kipsongok ameondoka leo. Anaenda huko mashariki ya mbali, mashindano ya dunia, mbio za kuruka viunzi na maji. Mtoto wa dada yangu Tapkigen! Gari la timu limepita hapa barabarani, akanipungia mkono dirishani — mkono tu! Hakushuka. Nami nimesimama langoni na maziwa mdomoni, tayari kumtemea kifuani, kama mjomba anavyomtemea mpwa anayesafiri. Gari hilo, limekwenda. Ikabidi niyameze.

Baadaye akapiga simu. "Mjomba, dereva alikataa kusimama, tumechelewa ndege. Nibariki hivi hivi kwa simu." Nikamwambia simu haina kifua. Nikakata.

Na nani alimfundisha kuruka? Kocha? Wapi! Mimi. Pale chini kwenye josho la ng'ombe la zamani, mimi ndiye niliyelaza nguzo ya mkaratusi ukingoni nikamwambia, ruka. Mimi mwenyewe nililiruka josho lile nikiwa na ndama begani, na ndama akatua upande wa pili bado amelala. Watu waliona. Wengine wamekufa sasa, lakini waliona.

Jumatano, 9 Agosti

Hotelini kwa Kibungei. Chai, maandazi, watu wamejaa. Ameleta televisheni mpya, kubwa kama mlango wa ghala. Wakaanza kunichokoza, na Kibungei ndiye wa kwanza, rafiki yangu wa tangu jandoni. "Mjomba wa bingwa! Ati mpwa wako alikupita kama jiwe la kilomita?"

Vicheko. Na mimi nikichokozwa siwezi kunyamaza. Tabia hiyo ndiyo iliyonitoa shuleni darasa la tano. Nikasema kwa sauti: "Mwacheni aende. Akifika kwenye maji, maji yatamwambia mjomba wake ni nani!"

Hoteli nzima ikacheka. Isipokuwa mzee Arap Sirma. Aliweka kikombe chini polepole. "Lelei, unajua neno hilo limetoka kinywani mwa nani?"

"Mzaha tu, mzee."

"Mzaha fanya na shemeji zako. Huyo ni mtoto wa dada yako, na neno la mjomba hushika."

Nimerudi nyumbani. Ni mzaha. Kila mtu anajua ni mzaha.

Jumamosi, 12 Agosti

Mchujo leo. Huko waliko taa zimewashwa, hapa kwetu ng'ombe bado wako malishoni. Kipsongok alikuwa mbele. Goti juu, kifua wazi, anakanyaga kiunzi kama anavuka kizingiti cha nyumba yake! Nikapanda juu ya benchi pale kwa Kibungei. Tazameni mguu wa josho! Nani alimpa mguu huo?

Mzunguko wa mwisho, kwenye maji — kiatu kikagusa mti wa kiunzi. Akaanguka. Kichwa, jezi, vyote majini.

Waligeuka wote wakaniangalia mimi. Mimi, juu ya benchi.

Aliinuka, akakimbia akichechemea, akampita mtu mmoja karibu na mstari. Ameingia fainali, wa mwisho kabisa kati ya walioingia. Lakini nani alifurahi? Nikashuka. Kibungei akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini: "Nenda nyumbani kwanza, bana."

Kiatu kiligusa mti! Niliona kwa macho yangu. Kiatu!

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani Tapkigen hakunisalimu. Nikamfuata nje, mpaka kwenye miti wanapofungia punda.

"Dada." Akazidi kutembea. "Dada, hata mabingwa huanguka. Mimi mwenyewe nilianguka mbele ya mkuu wa mkoa, na bado nikashinda, bendi ikaacha —"

"Kifundo chake kimevimba," akasema. "Amenipigia alfajiri. Unajua ameniuliza nini? Hakunieleza daktari amesema nini. Ameuliza, mama, ni kweli mjomba alisema vile?"

"Nani alimwambia?"

"Senta nzima, madukani kote, ina simu, Arap Lelei. Mtoto anasema akifumba macho anaona yale maji. Fainali ni Jumanne. Ataruka vipi kitu anachokiogopa?"

Akaondoka. Hakuniachia hata nafasi ya kumalizia habari ya bendi.

Jioni Arap Sirma akaja mwenyewe, na fimbo yake. Anasema neno nililisema mbele ya watu, nilirudishe mbele ya watu. Maziwa ya kibuyu, majani mabichi mkononi. Na kwa kuwa mtoto hayupo, mama yake asimame mahali pake.

Mimi! Mwanaume niliyemfukuza swala mpaka swala akaketi chini kuomba radhi! Nisimame uani kwa dada yangu kama mwizi wa kuku, majirani wakitazama?

Sijui. Kwa kweli sijui.

Yule mtoto alikuwa ananing'inia kwenye shati langu kila nikienda kunywesha ng'ombe. Shati lilichanika mgongoni. Nililivaa hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimekwenda.

Walikuwepo Arap Sirma, Kibungei, wanawake wa jirani wawili watatu. Tapkigen alisimama katikati ya ua, mikono imeshuka, kama mtu anayepimwa nguo. Kibungei alimpigia Kipsongok simu akaiinua juu. Arap Sirma akafikiri, akakubali: simu isikilize, lakini baraka isipitie humo.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Safi kabisa! Nikaanzia kwa babu yetu, jinsi alivyorudisha ng'ombe peke yake, mkuki mmoja, usiku wa mvua ya mawe —

"Arap Lelei," dada akanikatiza. "Bila hadithi. Mtaje mtoto."

Nikakwama. Niwaambie nini kama si hadithi? Wanawake wale wakaangalia chini. Nikasema:

"Kipsongok. Nilisema neno baya kwa sababu ulinipita barabarani na nikaumia. Nalirudisha. Mguu wako uwe mwepesi. Maji yakupishe."

Basi. Sijawahi kusema kitu kifupi hivyo mbele ya watu. Nikanywa maziwa, nikamtemea Tapkigen kifuani. Majani yakaniponyoka, Arap Sirma akaniokotea.

Kwenye simu nilisikia pumzi ya Kipsongok. Pumzi tu. Halafu ikakatika. Kibungei anasema ni mtandao. Labda ni mtandao.

Dada hakuyafuta maziwa. Aliingia ndani, akafunga mlango — taratibu, lakini alifunga.

Jumanne, 15 Agosti

Nimebaki nyumbani. Kibungei amepiga simu mara kwa mara: "Njoo, benchi lako liko!" Sikwenda. Akianguka tena, sitaki wanigeukie.

Redio nimeizima. Niko kwenye kigoda mlangoni na kalamu yangu. Senta iko chini ya mlima na sauti yote inapanda huku, hata usipotaka.

Wameanza. Kelele kubwa sana! Wanamtaja. Kip-so-ngok!

Nimegundua kitu. Kuna wakati wananyamaza wote kwa pamoja, senta nzima, hata mashine ya kusaga imezimwa. Halafu wanapumua. Ni pale kwenye maji. Kila akifika majini wananyamaza.

Kimya. Wamepumua.

Kimya tena. Wamepumua. Mtu amepiga mluzi.

Ng'ombe wangu amekuja kusimama mbele yangu. Toka, mama, siwezi kuangalia barabara.

Kimya. Hiki kilikuwa kirefu — lakini wamepumua. Mguu wa josho! Ah, sitaki kusema. Nisiseme chochote leo.

Kengele ya mzunguko wa mwisho lazima imepigwa, kelele hazina mpaka sasa, siwezi kusikia jina la mtu. Anaendaje na kifundo kile? Kipsongok, kanyaga kiunzi, usiangalie maji, angalia mbele, mtoto wa dada, mbele —

Kimya.

Kimya bado.

Bado.

Sasa ni kelele, lakini za namna gani? Wanalia? Watu wametoka hotelini, nawaona wadogo wadogo, wamemwagika barabarani. Mmoja amejitenga na wengine anapanda mlima huku. Anakimbia. Si Kibungei, Kibungei hawezi kukimbia. Ni mwanamke. Kitenge cha kijani.

Ni Tapkigen. Tangu aolewe sijamwona akikimbia! Anaita kitu. Upepo unakibeba upande wa pili. Amekwisha kupita mkaratusi wa njiani, amefika langoni — na hafungui, ameshika kitenge kwa mikono miwili, anaruka. Lango langu la miti mitatu! Ameruka! Sasa namsikia, ananiita kwa jina la utoto, lile la mama yetu, anasema maji yamempisha, na uso wake — analia au anacheka, niache kwanza hii kalamu —