Jina Lako Bado Limo Daftarini

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii nikasubiri kidogo, maana ulikuwa na mtindo wa kunisubirisha, ugoro mdomoni, mpaka marahaba itoke kwa kuchelewa. Leo haikutoka. Basi naendelea.

Huu ni msimu wa tatu tangu tukuzike. Kaburi lako ni safi, nililipalilia mwenyewe juzi. Ule mkorosho wa mwanzo unaendelea kulidondoshea mabibo, na mimi naendelea kuyaokota. Wajukuu hawajambo. Mashine ya kusaga nimeibadilisha mkanda. Paa la jiko lako lilianza kuvuja, nikaliezeka kwa bati, na ninajua ungenuna wiki nzima, kwa sababu ulishikilia kwamba jiko la bati linamwivisha mpishi kabla ya ubwabwa. Ni kweli, Mama. Tunapika huku tunatoka nje kupumua.

Nililokuja nalo hasa si hilo. Nitazunguka kwanza, unanijua.

Unakikumbuka kisima? Nilikuwa na miaka kama kumi. Kijiji kizima kilitoka kwenye msaragambo wa kukichimba, na agizo likawa kila nyumba ilete jembe moja. Wewe mjane ulikwenda na lako, mimi nikakubebea dumu la maji. Mzee Chilumba, aliyekuwa na trekta na mbuzi ambao hata yeye hakujua idadi yao, akaleta kibarua mmoja na jembe moja. Nyumba moja, jembe moja, mambo sawasawa. Ukachimba mpaka saa nne. Kisha ukaliweka jembe chini na kusema mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Mzee Chilumba, mimi nitachota hapa ndoo mbili kwa siku. Mbuzi wako watakunywa hapa wote. Mbona tumeleta jembe moja moja?"

Akajibu kwamba alivyonavyo hakumwibia mtu. Na wewe ukasema: "Hakuna aliyesema umeiba. Tumesema una mikono mingi."

Kesho yake trekta lilikuja likavuta mawe yote. Mzee hakukusalimia mpaka Idi. Mimi siku ile niliona haya. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza kwa nini Mungu amenipa mama asiyejua kunyamaza, na usiku nikakunyima neno hata moja. Sikuwahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba sasa.

Kijiji sasa kinajenga chumba cha kujifungulia pale kwenye zahanati. Sihitaji kukueleza kwa nini. Mdogo wangu ulimzaa njiani kuelekea kituo cha afya Rutamba, ukamzika kabla hujampa jina, na mpaka unaondoka hukupenda tulizungumze. Wanawake bado wanapakiwa kwenye pikipiki, Mama, mmoja mbele akiendesha, mmoja nyuma akimshikilia mzazi asidondoke.

Mkutano ulikubaliana mchango ukatwe kwenye mizani, siku ya kupeleka korosho ghalani. Kila mwenye mikorosho akatwe kilo kadhaa kwa hesabu ya miti yake, na aliyevuka miti mia akatwe mara mbili. Wajane wazee wasiguswe. Palikuwa na maneno. Kuna mmoja alisimama akauliza, "Kosa langu ni nini, kulima?" Sikucheka, kwa sababu swali lile lilikuwa langu pia. Nani alinisaidia kuipulizia mikorosho salfa jua la Julai? Nani aliamka na mimi? Nikikumbuka mgongo unavyouma, naona kila punje ni haki yangu, na mwenye miti kumi naye alipewa siku zile zile nilizopewa mimi.

Halafu nakukumbuka wewe. Wewe ulilala njaa ukinisomesha. Pampu ya kwanza niliinunua kwa korosho zako. Na barabara inayopitisha gari langu, niliichonga mimi?

Sasa nifike. Shamba bado liko kwa jina lako. Ulituachia miti mia na ishirini. Ulipokuwa unaumwa nilinunua lile pori la jirani nikapanda mingine, na kwa kuwa mwanachama wa ushirika ulikuwa wewe, tukaandikisha yote kwako. Leo ni mia tatu na zaidi. Kwenye daftari mimi Somoe ni mtu wa miti arobaini, mnyonge kabisa. Mwenye mia tatu ni wewe, Mwanaidi binti Selemani, mjane, umri mkubwa, asiguswe.

Kaka Hemedi alinipigia simu kutoka Mitwero, kwenye nyumba zake za kupangisha. Akasema, "Jina la Mama usiliguse. Ukitoa zaidi, wanakula zaidi." Nami nikamwitikia haraka mno. Ni kweli kuna wanaokula. Lakini wewe wakati wa kujenga darasa ulikuwa ukienda kuhesabu mifuko ya saruji kila asubuhi, na fundi alikuogopa kuliko mkaguzi. Hukuwahi kusema kwa kuwa wanakula basi nisitoe.

Siku ya mizani ya msimu uliopita ikafika. Karani ni kijana mgeni, katumwa kutoka mjini, hamjui mtu. Akasoma majina, mtu anaitikia, anasogeza magunia yake. Akafika kwako. Akasoma jina lako lote, polepole, vizuri, akauliza, "Huyu mjane yupo?"

Nikasema, "Yupo."

Mama, watu wote walikuwapo pale. Waliokuosha, waliobeba jeneza, aliyeshuka kaburini kukupokea. Wakatazama chini, wengine wakajishughulisha na kamba za magunia. Nilidhani nitaona hasira, na hiyo ningejua la kuifanya. Waliniheshimu tu, kama anavyoheshimiwa mfiwa anayezungumza peke yake. Karani akaandika, magunia yako yakapita bila kukatwa hata kilo moja.

Aliyefuata ni Bi Fatu, jirani yako. Ana mikorosho kumi na mmoja. Mume wake amelala kitandani mwaka wa pili, lakini yupo hai, kwa hiyo yeye si mjane. Alikuja na gunia moja kichwani. Wakamkata. Akalikunja gunia lake tupu, akapita pembeni yangu, na akanisalimu kama anavyonisalimu miaka yote: "Hujambo, Somoe? Mama hajambo?"

Nami nikajibu, "Hajambo."

Ningekuwa na hakika kwamba alinikejeli ningepumzika. Lakini unamjua Bi Fatu. Sidhani alikusudia lolote. Nadhani alinisikia nikisema upo, akaona ni adabu kukuulizia.

Nimejitetea sana tangu siku ile. Nimejiambia kwamba mimi ni mtoaji. Mwezi wa Ramadhani majirani hawapiki, wanafuturu kwangu. Mwanamke akishikwa na uchungu gari langu linatoka, na mafuta siombi. Yote kweli. Ila nimegundua kitu ambacho si kizuri: napenda kushukuriwa. Nikimpelekea Bi Fatu unga, mimi ndiye ninayechagua siku, mimi ndiye ninayepokea dua, na yeye hata siku akiwa na hasira na mimi itabidi anichekee. Kilo zikikatwa kwenye mizani zinachanganyika na za watu wote. Hakuna anayekuja kusema ahsante mama. Mzazi ataingia chumba kile bila kujua mimi ni nani, wala hatadaiwa tabasamu. Kumbe ndicho ulichokuwa unakitaka pale kisimani. Hukumwomba Mzee Chilumba akuchotee maji. Ulitaka achimbe sawa na mikono yake, kisha kila mtu achote akiwa ameinua kichwa.

Na kuna jingine, hili ni letu wawili. Jina lako sikuliacha daftarini kwa ajili ya kilo tu. Mwaka wa kwanza niliposikia linasomwa ghalani moyo ulinipasuka kwa furaha. Mara moja kwa msimu mtu anakuita kwa sauti, jina lako na la babu, mbele za watu, nami nasimama nikijifanya nimetumwa na wewe. Nilikuwa nakwenda kulisikiliza. Baadaye furaha ikapata faida, na nikashindwa kujua ipi inanipeleka. Nakupenda, Mama. Lakini nimekufanya uwe hai ili Bi Fatu akatwe na mimi nisikatwe, na wewe ukiwa hai kweli ungenitandika.

Kaka nimemweleza. Amekasirika, amesema mirathi nitaigawa mwenyewe. Sawa, tutaigawa, na kilo za miti yake atajibu yeye.

Mizani ya msimu huu ni keshokutwa. Nimeweka kando magunia matatu, ya safari hii na ya ile iliyopita. Nakuahidi nitafika mapema, kabla watu hawajapungua, maana nilisema uongo wakiwa wamejaa. Nakuahidi saruji nitaihesabu mwenyewe kila asubuhi, hata fundi anichukie. Na Bi Fatu akiniulizia hali yako, nitamshika mkono nimwambie tulikuzika pamoja, na yeye ndiye aliyekushonea sanda.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze mahali pema na mwanao yule asiye na jina awe karibu nawe.

Karani atasoma jina lako mara ya mwisho, na mimi nitajibu, "Hayupo." Neno hilo sijalitamka kwa mdomo wangu tangu siku uliyoondoka. Nimelijaribu leo jikoni mwako mara mbili, na mara ya pili lilitoka.

Mwanao,
Somoe