Pweza Asiyeonjwa

Andong, mwezi wa kumi

Kwa dada yangu mpendwa Bun-rye,

Pokea salamu zangu na heshima zote za mdogo wako. Natumaini goti limepunguza maumivu, na kwamba baridi ya Daegu haijaanza kukusumbua. Mimi ni mzima. Nalala, naamka, nafagia ua.

Uliniuliza kwa simu jinsi ilivyokwenda kumbukumbu ya mwaka wa kwanza ya kifo cha mke wangu, mama Mi-gyong, nikakujibu kwamba ilikwenda vizuri. Jibu lile lilikuwa fupi kuliko ukweli. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Unajua kwamba binti yangu alikuwa hajanisemesha ipasavyo tangu tulipomzika mama yake. Aliwaambia wajomba zake kuwa hata majirani walilia, ila mimi nilisimama pale kama nguzo ya umeme. Safari hii alinipigia akasema anakuja kwa ajili ya mama yake tu. Nikiweka mezani chakula kilichopikwa dukani ataondoka asubuhi, na nisimtarajie tena, kwa sababu mama yake hakuwahi kumwekea marehemu yeyote wa ukoo wetu chakula cha kununua. Nikamwambia sawa. Nilielewa kwamba kitakachopimwa si upishi.

Wewe umeolewa mbali siku nyingi, lakini hujasahau kwamba kwetu meza ya marehemu bila pweza si meza. Nimemla maisha yangu yote. Kumpika, hata kumshika akiwa mbichi, sijawahi. Mama muuza samaki alitaka kunichemshia palepale sokoni, na nilipokataa alicheka hadi wenzake wakageuka. Akaniuliza, “Mwalimu, wewe ndiye utakayemchemsha, au yeye ndiye atakayekuchemsha?” Kisha akaniambia nimsugue kwa unga, nimsuuze sana, na miguu itangulie majini ili ijikunje vizuri.

Nilimsikiliza, lakini nilijiona najua zaidi. Mji wetu uko mbali na bahari, na vibua vyetu tangu enzi za babu havifai mpaka vitiwe chumvi. Nikajiambia kwamba kila cha baharini ni hivyohivyo. Nikamfukia pweza kwenye chumvi ya mawe usiku kucha, asubuhi nikamfuta kwa kitambaa, nikamchemsha. Miguu ilijikunja kama petali za ua. Kwa macho, alipendeza.

Utasema, si ungeonja? Lakini mwiko unaujua: aliye hai haonji chakula cha marehemu kabla mwenyewe hajala. Mwiko huo nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi, sikutaka kuuvunja mbele ya mwanangu. Pilipili na kitunguu saumu pia sikutia, maana roho huvikimbia.

Jioni tuliwasha ubani, nikamimina pombe, tukasujudu. Mi-gyong alimtazama pweza muda mrefu, akauliza kama nimempika mwenyewe. Nikaitikia. Alinyoosha mkono akaisawazisha sahani, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Baada ya hapo tukakaa kula vile vya mezani, kama ilivyo desturi. Mkwe wangu Dong-hyok alitia kipande mdomoni, macho yakamtoka, akalirukia bakuli la maji. “Baba, huyu bado yuko baharini!” Mi-gyong naye akaonja, akatema kiganjani. Akanigeukia, nadhani ili anikaripie, akanikuta natafuna taratibu, na kipande kingine tayari kiko kwenye vijiti vyangu vya kulia. Akaniuliza polepole kama chumvi imetosha. Nikamjibu kwamba labda ingeongezwa kidogo.

Akaweka vijiti vyake chini.

Dada, jambo hili nilikuwa sijamwambia mtu. Tangu siku ya mazishi mdomo wangu hauna ladha. Wali, achari ya kimchi, dawa ya kikohozi, vyote ni karatasi. Daktari ameutazama ulimi, anasema ni mzima. Nakula kwa kuangalia saa. Na si mdomo tu. Machozi nimeyasubiri kama mtu anayesubiri basi la njia iliyofutwa. Usiku ule nilimwambia Mi-gyong haya yote, kwa sauti hiihii ninayokuandikia, naye ndiye aliyelia. Alilia kwa ajili yetu wote wawili, nami nilimshika bega kwa sababu nilijua ndivyo inavyofanywa.

Asubuhi Dong-hyok alirudi kazini peke yake. Mi-gyong bado yupo. Wakati wa kula hukaa ubavuni mwangu, huonja kwanza, halafu hunieleza: hii imechacha kidogo, baba, hii ina utamu kama peasi, hii umeiunguza, ni chungu. Mimi naitikia kwa kichwa na kula. Kila mara huniuliza kama nimeisikia ladha. Nikimwambia bado, hunijibu, “Haya, kula.”

Msalimie shemeji na wajukuu. Mi-gyong anakusalimu kutoka jikoni, anasema ulitunze goti. Mungu akipenda tutakuja kukuona sote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Kwon Tae-rim