Saa Niliyoitoa Mara Mbili

Karonga,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na naamini wewe na Mama hapo Bujonde hamjambo, na kakao haijanyeshewa kwenye vichanja. Mimi, mume wangu Ambwene na wakwe zangu wote tu wazima. Mchele wa huku nimeuzoea, ila wa Kyela ni wa Kyela. Ubishi huo siuachi.

Mama ameniambia kwamba bado unawasimulia wazee wa kanisa jinsi baba mkwe wangu, mzee Yotamu, alivyofika mapema kuleta posa. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Unakumbuka safari yao ya kwanza. Uliwaita saa nne asubuhi, wakatokea saa tano, ukawarudisha hata viti havijapata joto, ukisema watu wasiojali saa hawatamjali binti yako. Nililia siku mbili. Kumbe kwao ilikuwa saa nne kamili, kwani ukivuka mpaka pale mto Songwe kuja huku, saa inarudi nyuma kwa moja. Nilipokueleza ulinijibu kwamba jua ni lile lile.

Hapo nikakumbuka kuwa nimesomea kompyuta. Nikatengeneza programu ndogo: ukiipa saa ya kikao, inaigeuza kwanza kuwa saa ya pamoja ya dunia nzima, kisha inamtumia kila mtu ujumbe kwa saa ya kwao. Ukapanga tena saa nne. Wao wakaambiwa saa mbili. Wakafika kwetu saa tatu, wakakukuta umekunja suruali unageuza kakao, na mzee Yotamu akavua koti akakusaidia mpaka kichanja cha mwisho. Siku hiyo hiyo ulikubali, ukasema mtu wa namna hii humpi binti kwa maneno mengi.

Sasa Baba, keti. Walipaswa kuambiwa saa tatu. Programu yangu iliitoa ile saa ya mpakani mara mbili. Kosa nililiona jioni iliyotangulia nikiijaribu, nikaliacha makusudi, maana nakujua. Nilikudanganya ili nimpate Ambwene, na jambo hilo nimelibeba mwaka mzima. Nisamehe, Baba.

Juzi nilimwungamia baba mkwe. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kuwa tangu aibu ile ya kwanza alikuwa anahesabu mwenyewe kwa vidole, na alijua kabisa kuwa ujumbe wangu umekosea kwa saa nzima. Hakumwambia mtu. Aliwaamsha wenzake wakaondoka, akisema kwamba safari hii wewe, mzee Lazaro, usimngoje yeye. Yeye ndiye akungoje wewe.

Kwa hiyo endelea kuwasimulia wazee.

Msalimie Mama, mdogo wangu Lugano na shangazi Tulinagwe. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunilea.

Binti yako akupendaye,
Kisa