Uzi wa Wiebke

Thilo nimekwisha. Acha kila kitu usome.

Nimekatakata uzi wa Wiebke. UZI WA WIEBKE, ule wa utafiti wake wa shahada ya udaktari!

Nimeukuta mezani maabarani, uzi wa faiba, kioo chembamba kama unywele, safi, hauna hata mkwaruzo. Nikajua ni mabaki. Nikaufanyia mazoezi ya kukata, vipande vyote nikatupa kwenye chupa ya taka.

Kumbe alishauchora kwa leza, na leza inachoma alama NDANI ya kioo, nje haigusi kabisa! Na Wiebke mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo!

Akaingia. "Falko, uzi wangu uko wapi?"

"Ule mtupu?"

"Mtupu?!"

Akaiona chupa. Akakaa sakafuni, Thilo. Sakafuni!

Nikamwambia nitamchorea alama upya kwenye uzi mwingine. "Utachora na kidole? Leza wanayo watu wa Dresden mpaka Pasaka. Mimi natetea kazi yangu mwezi huu."

Nilitamani anitukane. Wala. Kainuka, kasema polepole: "Naomba utoke, Bwana Oettel."

BWANA OETTEL. Pale hata profesa tunamwita kwa jina lake la kwanza! Hajanifukuza mtu bado, lakini mimi pale nimeshakuwa mgeni.