Pizza Inayopikwa kwa Masikio

Nyumbani, tarehe 4 Machi

Kifungua mimba wangu,

Pokea salamu za baba yako, mzima wa afya kutoka shingoni kwenda chini. Juu ya shingo unajua mwenyewe. Wewe hujambo? Ule mgongo umeacha kukusumbua, au bado unasimama jikoni kutwa nzima?

Mwandiko huu ni wa jirani yetu, fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika. Simu nimeikwepa kwa sababu mama yako ndiye huishika, akanisogezea sikioni, kisha akasikiliza mpaka ninavyopumua.

Daktari amesema neno la mwisho: macho hayarudi. Miaka thelathini na tano ya kuchomelea vyuma, nusu yake bila miwani kwa ujeuri wangu, imeyamaliza. Haya. Kinachoniuma si giza, ni kukaa. Mama yako amenigeuza yai. Mkate ananikatia vipande vidogo vidogo. Chai naletewa ikiwa imeshapozwa. Kiberiti amekificha sijui wapi.

Na wewe nasikia unataka kuacha kazi uje kunitunza, wiki ileile uliyofanywa mpishi mkuu wa pizza! Mimi sikubali hata kidogo.

Tupatane hivi. Lile jiko la kuchomea nyama nililoliunda kwa pipa bado liko uani. Nifundishe kupika pizza juu yake. Nikiweza kwa mikono yangu, bila jicho la mtu, mama yako akala akashiba, wewe unabaki kazini kwako. Nikishindwa, njoo, nitakaa kitini kimya nitunzwe. Ila usiniandikie "angalia rangi yake". Niandikie mambo ya kusikia, kunusa na kushika.

Baba yako

(Mwandishi naongeza: maneno yote haya ameyasema amesimama, akigonga meza yangu mpaka sindano zikamwagika.)


Kazini, tarehe 15 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake, ingawa barua hii haitamfikia. Mimi ni mzima, mgongo unavumilika. Habari za daktari zimeniliza stoo, katikati ya magunia ya unga. Nikajifuta uso, nikarudi kazini, na maneno yako nimekaa nayo siku tatu.

Nimekubali shingo upande. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, imo mfukoni mwa aproni. Bosi amenipa mpaka mwisho wa Mei niamue.

Sikiliza basi. Kanda unga kwa maji ya uvuguvugu, hamira, chumvi na mafuta kidogo. Kanda mpaka ukiushika uwe laini kama ndewe ya sikio lako. Ufunike kwa kitambaa kibichi, uumuke, kisha ukate donge ulitandaze kwa kiganja liwe bapa. Mkaa uweke upande mmoja tu wa jiko. Upande wa pili uache mtupu, ndiko utakakokimbilia mambo yakiharibika. Weka kiganja shubiri moja juu ya nondo za jiko, uhesabu. Mkono ukikimbia kwenye moja, moto ni mkali mno. Ukivumilia mpaka nne, anza.

Hapa ndipo wengi wanapochemsha: hawaamini kwamba unga mbichi unalazwa juu ya chuma peke yake, bila kitu chochote. Upake mafuta, ulaze, uache. Usiuchokonoe! Chini ukiiva utajiachia wenyewe. Koleo likipita bila kung'ang'aniwa, geuza. Ndipo sasa juu ya uso ulioiva upake nyanya, umwage vitunguu na jibini, ufunike. Jibini likiyeyuka utalisikia, lina mlio mdogo wa kutokota.

Bakuli zako zipange kwa mstari kama ulivyokuwa unapanga vyuma vyako: mafuta kushoto kabisa, jibini mwisho. Nilipokuwa naandika haya, Baba, ndipo nilipogundua kwamba nusu ya kazi yangu siifanyi kwa macho. Usingeniuliza, nisingejua.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, ila mmoja wetu ananuka moshi.

Jumamosi mama yako alikwenda kumjulia hali dada yake, nami nikaona ndio wakati. Unga ulinitii. Kiberiti niliazima kwa jirani, na moto niliuhesabu. Lakini jiko lile ni kazi ya mikono yangu, na kosa ni langu. Nililiunda kwa ajili ya mapaja ya nyama, nondo nikaziachanisha vidole vitatu. Unga ukazama katikati ya nondo, ukaning'inia, ukadondokea mkaani. Moshi ukatanda uani. Fundi cherehani akaja mbio na ndoo ya maji, akanimwagia mimi badala ya jiko. (Mwandishi: niliteleza.)

Mama yako alirudi akanikuta nimelowa chapachapa, majivu mpaka masikioni. Alinipangusa uso taratibu kwa kanga yake. Afadhali angenitukana.

Usifunge mizigo bado. Nimelipapasa jiko siku mbili. Kuchomelea siwezi tena, lakini waya naweza kufunga. Nitaupitisha kati ya nondo, nafasi ya kidole kimoja kimoja, niukaze kwa plaizi. Nipe muda.

Baba yako


Kazini, tarehe 6 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. U mzima kweli? Mwezi mzima kimya. Nimempigia mama, akanijibu, "Baba yako yuko uani na waya zake, mimi usiniulize," akakata simu.

Vidole vyako vimechanika kiasi gani? Hakuna atakayekuona mnyonge ukiacha. Zimebaki wiki tatu. Barua imo mfukoni, nimeshaitia tarehe.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 19 Mei

Mpishi mkuu,

Hujambo, mama? Mimi leo sijambo kupita kiasi.

Vidole vilichanika, ndiyo, na waya wa kwanza niliufumua wote kwa sababu haukunyooka. Jana kazi ikatimia. Nikamwambia mama yako wazi: leo napika, wewe kaa kiti kile, hatua tatu, mikono yako uikalie. Akaikalia. Nilikuwa nasikia kiti kikilia kila nilipokaribia moto.

Nikahesabu mpaka nne. Nikaulaza unga. Ukatulia juu ya waya, haukuzama! Nikapeleka koleo, ukang'ang'ania. Nikasubiri, nimekufa kwa hofu. Nikapeleka tena, likapita lenyewe. Nikageuza, nikapaka, nikafunika, nikainama nikategea sikio. Mwanangu, jibini lile nililisikia.

Nilipika tatu. Mama yako alikula ya kwanza bila neno. Ya pili bila neno. Kwenye ya tatu akasema, akiwa bado anatafuna: "Chumvi imezidi. Na wewe mzee, majivu yako yote yameruka kwenye nguo zangu nilizoanika! Utazifua mwenyewe!"

Tangu macho yafe hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Nilizifua zote, nikazisuuza mara mbili, nikazianika. Nilikuwa nalia kwa furaha, na yeye akazidi kunigombeza kwamba nazikunja vibaya.

Jambo la mwisho, nalo ni gumu kwangu. Watu wakiniuliza binti yako anafanya kazi gani, nilikuwa najibu kwa sauti ya chini, "Yuko jikoni huko." Nilidhani ulikimbia ufundi. Nisamehe. Unga, moto na chuma kwa wakati mmoja, mimi nimekaribia kushindwa, na wewe unaufanya ufundi huo kila siku kwa wateja wanaosubiri.

Baba yako


Kazini, tarehe 30 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na mshikie mama mikono yote miwili. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole viwili vilivyoungua.

Jana kabla wateja hawajaanza kuingia, nilijifunga kitambaa machoni. Nilitaka kupika moja tu, kwenye moto ninaoujua, kwa yote niliyokuandikia. Unga ulishika chuma, nikageuza nusu, nusu ikabaki. Jibini lote likaishia sakafuni. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikasimama pale na kitambaa changu, nikikuwaza wewe peke yako uani.

Nina miaka kumi na moja kwenye moto, Baba, na sikuweza hata moja. Wewe umepika tatu.

Barua nimeichana. Julai nina likizo ya wiki mbili, nitakuja. Siji kukutunza. Nataka nisimame kando yako kwenye lile jiko, nifumbe macho, unifundishe.

Mwanao na mwanafunzi wako