Kofia ambayo mama alimaliza

Hapa muji wa Baraka, siku tatu mbele ya Noeli

Mi ndiyo nilikosa, naandika hiyo kwanza. Asubui nilimusemea Riziki, mudogo wangu mwenye kuniita yaya, mubaya sana.

Kofia za sufu za kugawia bandugu na barafiki nilikuwa nimemaliza zote. Ilibaki moja tu, ya Nyamwiza, rafiki yangu wa Bibokoboko, sababu kule milimani baridi iko kali. Nilipoamuka, ile kofia ya nusu haikuwa kwa kitunga ya sufu.

"Yaya, mi sikugusa kitu yako!" Riziki alilia. Sikumusikia.

Saa sita nikamukuta mama nyuma ya nyumba, na kofia kwa magoti, sindano ya kroshe kwa mukono wa kuume. Ule mukono haukushika kitu tangu alipougua, mwaka muzima. Ulikuwa unatetemeka, lakini ulikuwa unasuka.

"Usinicheke," akasema.

"Nani anacheka, mama?" Mi nilikuwa nalia.

"Ni mi nilikufundisha hii kazi. Na Nyamwiza aliniletea maziwa wakati nilikuwa mugonjwa. Kofia yake nitamaliza mi mwenyewe."

Na amemaliza! Imepinda upande moja. Sitafumua hata uzi moja.

Riziki nimemuomba musamaa, akaniringia kidogo, kisha akacheka.

Naogopa kesho ule mukono utachoka. Lakini mangaribi mama amekula bugali nao, tonge kwa tonge, na siye wawili tulikuwa tunaangalia sahani zetu, tunajifanya hatuone, tunaficha furaha.