Dakika Thelathini na Tano hadi Beni

Mudzipela, Bunia
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Kambale, kaka yangu mkubwa,

Jambo sana toka kwetu. Habari ya Kinshasa na joto lake, habari ya shemeji Patience na watoto? Kifua cha Aimé kimepona? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, ila mimi dada yako nimechoka kabisa.

Juzi uliponikaripia nilikukatia simu. Nisamehe. Nikisikia sauti yako nitalia tu, ndiyo maana naandika. Barua hii anaichukua Fiacre, jirani yetu, anayepanda ndege ya huko leo mchana. Ni kilomita zaidi ya elfu moja mia saba, na jioni atakuwa kwako. Mimi na mama aliyelazwa Beni tumetenganishwa na dakika thelathini na tano za angani, na nimeshindwa kumfikia.

Ulisema umeangalia kwenye simu, Bunia na Beni ni karibu. Kweli. Lakini ndege zenu kubwa hupima masanduku. Hizi ndogo zetu humpima na mtu mwenyewe. Nami kwa kusahau hilo nilivaa vikwembe vinne, vitenge vya kumpelekea mama, juu ya gauni, na koti la mume wangu Lambert juu yake, ili mfuko uwe mwepesi. Kupanda mizani, kilo tisini na nne! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

“Mama, weye iko muzito sana, ndege haitaruka,” mpimaji akasema.

Nikaanza kuvua mbele ya watu, kimoja kimoja. Nilipofikia gauni, nafasi yangu ilikuwa imeshapewa katekista mmoja mwembamba kama bua la muhindi. Ujanja mwingi mbele kiza, Yaya. Nafasi nyingine ni Jumanne ijayo.

Barabara ndiyo usiseme. Wiki iliyopita magari mawili ya kwenda Beni yalichomwa na waasi kupita Komanda, hata askari wakiyasindikiza. Lambert ameficha mfuko wangu nisije nikapanda gari, na kusema kweli sikumgombeza. Naogopa. Kila asubuhi ndege zinapita juu ya bati letu, nami nimekaa jikoni kama kuku aliyefunikwa na kitunga.

Sasa jambo lenyewe. Gracieuse, binti wa mama mdogo, anamuuguza mama vizuri. Lakini mama amekataa kupasuliwa mpaka mtoto wa tumbo lake amshike mkono, na daktari anasema utumbo ule hautangoja kupita Ijumaa. Nilimwambia nitafika Jumanne. Akanijibu: “Nitakungojea tu, mutoto yangu.”

Hajawahi kusikia uongo kinywani mwako. Kwa hiyo mpigie kesho asubuhi. Mwambie nimepata ndege nyingine, nimeshatua, niko njiani. Aingie tu kupasuliwa, atanikuta akiamka. Dhambi iwe juu yangu. Akiamka asinione, na anitukane, mradi ameamka.

Nisalimie Patience, Aimé na wadogo zake wote. Lambert anakusalimu. Mungu aushike ulimi wako kesho, usitetemeke.

Dada yako akupendaye,
Musoki